Mbacha na Msala: Ni Lini Yapasa Kubadili Kompyuta ya Nyumbani?



Ndugu wasomaji wetu, kina baba, kina mama na vijana. Mzazi mmoja wa Tanga ametuandikia barua, nasi twaonelea kuijibu hapa hadharani, kwa kuwa mambo aliyoyataja yamo katika nyumba nyingi za Waislamu hivi leo, ijapokuwa si wote wanaoyaandika.

Ndugu yetu huyu asema kuwa nyumbani kwake ipo kompyuta ya mezani aliyoinunua mtumba, miongoni mwa zile zilizotumika maofisini Ulaya kabla ya kuletwa kwetu. Chipu yake kuu ni Intel i5-4570, ina gigabaiti 4 za kumbukumbu, diski yake ni ile ya kuzunguka, na mfumo unaoiendesha ni Windows 10. Asubuhi huchukua karibu dakika saba kabla ya kuwa tayari. Mwanawe, aliye kidato cha tatu, asema mashine imezeeka na ataka mpya. Yeye baba asema bado inawaka, na kitu kinachowaka hakitupwi. Ada ya shule yakaribia. Na mama wa nyumba, katika mashine hiyo hiyo, huweka hesabu za kikundi cha akina mama wanaosomesha mayatima: majina ya watoto, michango, na namba za simu za watoaji. Baba auliza: Je, ninunue au ningoje?

Kwanza twawaomba radhi wote wawili, maana twaona kuwa si baba wala mwana aliyeleta hoja. "Imezeeka" si hoja, kwani umri peke yake si ugonjwa. Na "bado inawaka" nayo si hoja, kwani taa yaweza kuwaka ilhali mlango uko wazi na mwizi yumo ndani. Hapana budi tutafute kipimo kilicho bora kuliko hivyo viwili.

NJIA YA KATI

Mwenyezi Mungu katika Sura Al-Furqan, aya ya 67, amewasifu waja wake kwamba wanapotumia mali hawavuki mpaka wala hawafanyi uchoyo, bali hushika njia iliyo baina ya hayo mawili. Watu wengi huisoma aya hii na kukumbuka nusu yake tu. Mpenda vipya hukumbuka ubaya wa uchoyo, na mwenye mkono mzito hukumbuka ubaya wa israfu. Kila mmoja huishika nusu inayomkemea mwenziwe, akaiacha ile inayomkemea yeye.

Bwana Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), kama alivyosimulia Bibi Aisha (R.A.), alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake kwa mkono wake mwenyewe. Basi kutengeneza kitu cha zamani si unyonge wala si aibu, bali ni mwendo wa wema waliotutangulia. Wazee wetu wa pwani nao walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao. Na walipoona vijana wanakimbilia kila kilichoingia sokoni, walisema: Kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini wazee hao hao walisema pia: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye kuacha ufa kwa sababu ya kubana fedha hatahesabiwa kuwa mwenye busara siku ukuta utakapoanguka.

Kwa hivyo, anayetaka kuamua juu ya kompyuta yake na ajiulize maswali matatu, tena kwa utaratibu huu: Kazi yake ni ipi? Kasoro yake iko wapi? Na je, yaweza kulindwa?

SWALI LA KWANZA: KAZI

Chombo hupimwa kwa kazi. Mwenye kuvua samaki wa kitoweo hahitaji jahazi la kwenda Maskati. Kuandika barua na insha, kuweka hesabu, kusoma masomo, kusikiliza darsa na kutuma ujumbe ni kazi ambazo kompyuta nzuri ya mwaka 2013 yaziweza hata leo, ikiwa mzima. Ama kazi ya kukata na kuunga picha za video, ama michoro ya uhandisi na majengo, hizo zataka nguvu nyingi, na mwenye kupata riziki kwazo ana haki ya kununua chombo kinachomfaa, kama vile seremala anavyonunua randa. Huyo hatumwiti mbadhirifu.

Kijana naye na aseme kweli mbele ya wazazi wake: Je, ni somo linaloshindikana, au ni mchezo wa kuigiza vita na magari? Mchezo si haramu kwa kuwa ni mchezo, lakini haustahili kushindana na ada ya shule. Na baba naye asimdharau mwanawe. Mwenyezi Mungu ameapa kwa zama katika Sura Al-Asr. Dakika saba kila asubuhi, kwa siku 300 za mwaka, ni saa 35. Huo ni wakati wa mtoto unaopotea akikitazama kioo. Malalamiko yake yana haki ndani yake, ingawa dawa aliyoitaja huenda siyo.

SWALI LA PILI: KASORO

Kompyuta si kitu kimoja. Ni kundi la vyombo vilivyofungwa katika sanduku moja, na aghalabu kinachougua ni kimoja tu. Katika Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, nawe utaona orodha inayoonyesha ni asilimia ngapi ya chipu, ya kumbukumbu na ya diski inayotumika wakati huo. Itazame mara tu mashine inapowaka, na tena unapofanya kazi yako ya kawaida. Kile kinachosimama karibu na 100 kwa muda mrefu ndicho kinachowachelewesha wengine.

Katika mashine kama ya ndugu yetu wa Tanga, mara nyingi mchelewaji ni diski. Na tueleze sababu yake. Diski ya zamani ni sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde, na juu yake uko mkono mdogo unaokwenda huku na huku kusoma. Kila inapotakiwa kuleta kitu, mkono husogea, kisha hungoja sahani ifike mahali pake. Safari moja huchukua kiasi cha sehemu 12 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Ni upesi kwa macho ya binadamu, lakini maana yake ni kwamba kwa sekunde moja haiwezi safari zaidi ya 80 hivi. Sasa mfumo wa leo unapoamka huita vijisehemu vidogo kwa maelfu. Vikiwa 16,000, mathalan, hesabu yake ni sekunde 200, na hapo hatujafungua hata kivinjari. Diski mpya iitwayo SSD haina sahani wala mkono. Yenyewe hufanya safari hizo kwa maelfu katika kila sekunde. Ndiyo maana mtu akibadili diski peke yake, mashine iliyokuwa ikiamka kwa dakika nyingi huweza kuamka kwa chini ya dakika moja, naye akadhani amenunua nyingine.

Wa pili ni kumbukumbu, ambayo mafundi huiita ramu. Hii ni kama meza ya kufanyia kazi, na diski ni kabati. Meza ikijaa, mashine hulazimika kuweka vitu kabatini na kuvitoa tena kila mara. Na kabati likiwa ni lile la sahani inayozunguka, taabu huwa mara mbili. Kwa kivinjari cha siku hizi gigabaiti 4 ni meza ndogo, na 8 zatosha nyumba nyingi.

Wa tatu ni vumbi. Chipu ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, na likizidi huzima. Katika nyumba zetu zenye vumbi na hewa ya chumvi, feni huziba. Kufungua sanduku umeme ukiwa umechomolewa, kupuliza vumbi na kupaka upya ile dawa ya kupitishia joto baina ya chipu na feni, ni kazi ya saa moja kwa fundi.

Wa nne ni betri ndogo ya duara, namba yake CR2032, inayotunza saa ya mashine. Ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi kila umeme ukikatika, na tovuti nyingi hukataa kufunguka kwa kuwa tarehe hailingani na vyeti vyao vya usalama. Watu wamewahi kuitupa mashine nzima kwa ajili ya betri hiyo, ambayo bei yake ni ndogo mno.

Wako wanaosema kuwa mashine mpya yalipa gharama yake kwa kuokoa umeme. Na tuhesabu. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake ikila wati 60 kwa saa sita kila siku, kwa siku 30 ni yuniti 10.8. Kompyuta ndogo ya kubebeka ikila wati 15 kwa muda huo huo, ni yuniti 2.7. Tofauti ni yuniti 8 hivi kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya yuniti ya mahali pako, kisha ulinganishe na bei ya mashine mpya, utaona kuwa ni miaka mingi kabla ya fedha kurudi. Faida ipo, lakini haitoshi kuwa ndiyo sababu.

SWALI LA TATU: ULINZI

Hapa ndipo neno la baba, "bado inawaka," linapovunjika.

Mfumo endeshi wa kompyuta haukosi nyufa. Wanaoutengeneza huzigundua mwaka hadi mwaka na kutoa masahihisho ya kuziziba. Siku wanapoacha kuyatoa, mashine huendelea kuwaka kama jana, lakini nyufa zitakazojulikana kesho hazitazibwa. Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji wa nyumbani wa Windows 10 kampuni ya Microsoft iliweka muda wa ziada kwa wenye kujiandikisha, mpaka 13 Oktoba 2026, ili wapate nafasi ya kujipanga. Muda wa ziada ni wa kuhama. Asiuhesabu mtu kuwa ni maskani.

Madhara yake si ya kubuni. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150, kikazifunga faili za watu na kudai fidia. Huko Uingereza hospitali za serikali zilipatwa, na ikakadiriwa kuwa miadi ya wagonjwa ipatayo 19,000 ilivunjika. Sahihisho la ufa huo lilikuwa limekwisha kutolewa tangu tarehe 14 Machi mwaka huo, miezi miwili kabla, kwa mifumo iliyokuwa bado ikitunzwa. Na mashine nyingi zilizopatwa zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijaachwa, ila wenyewe hawakulitia sahihisho. Mafunzo ni mawili: mashine isiyotunzwa tena na mtengenezaji ni hatari, na mashine inayotunzwa lakini mwenyewe ni mvivu ni hatari vile vile.

Ikiwa katika kompyuta yako hamna ila michezo ya watoto, hasara ni yako. Lakini katika mashine ya ndugu yetu mna majina ya mayatima na namba za watu waliotoa kwa siri wakitaka radhi za Mola wao. Hiyo ni amana, na katika Sura An-Nisaa, aya ya 58, tumeamrishwa kuzifikisha amana kwa wenyewe. Amana ya zamani ilikuwa mfuko na daftari. Amana ya leo imo ndani ya diski. Aliyekabidhiwa mfuko wa mayatima hauachi kwenye nyumba isiyo na komeo, kisha akasema kuwa nyumba bado imesimama.

Basi mwenye Windows 10 afanyeje? Njia ni tatu.

Ya kwanza ni kupanda Windows 11, iwapo mashine yaruhusu. Mfumo huo wataka kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi, diski ya gigabaiti 64 au zaidi, chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo 2.0, na chipu kuu iliyomo katika orodha yao. Kwa upande wa Intel, orodha hiyo huanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha nane. Utajua kizazi kwa namba: i5-8500 ni kizazi cha nane, na i5-4570 ni cha nne. Kwa hivyo mashine ya Tanga imo nje ya orodha, hata ikiongezwa diski na kumbukumbu.

Ya pili ni kuweka mfumo wa Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, na ambao watolewa bure kwa halali. Aina zake kama Linux Mint na Ubuntu huenda vizuri katika mashine za zamani zilizoachwa na Windows, nazo hupata masahihisho. Humo mna LibreOffice ya kuandikia na kuwekea hesabu, na vivinjari vile vile vinavyojulikana. Aliyezoea Windows atahitaji juma moja au mawili ya kuzoea. Ikiwa shule au kazi yataka programu fulani iliyotengenezwa kwa Windows pekee, aulize kwanza.

Ya tatu ni kubadili mashine.

Iko na njia ya nne, ambayo hatuipendekezi: kumpa kijana wa mtaani fedha kidogo akutilie Windows ya wizi iliyovunjwa kufuli. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha tano huko Kuwait, Desemba 1988, liliamua kuwa haki za waandishi na wavumbuzi ni haki zinazolindwa na sharia, wala haijuzu kuzivunja. Tena aliyeivunja kufuli ya programu kwa ajili yako hujui ameacha mlango gani wazi kwa ajili yake.

DALILI ZA KUAGANA NAYO

Twasema basi, mashine na ibadilishwe ikionekana mojawapo ya dalili hizi: haipatikani mifumo inayotunzwa ya kuiendesha, au yazimika yenyewe hata baada ya kusafishwa na kubadiliwa kisanduku chake cha umeme, au vile vikopo vidogo vilivyo juu ya ubao wake mkuu vimefura vichwa, au kazi ya riziki ama ya masomo imeishinda kweli kweli, au gharama ya kuitengeneza yapita nusu ya bei ya mashine nyingine nzuri ya mtumba. Kipimo hiki cha nusu ni rai yetu, si hukumu ya sharia; lakini kitamzuia mtu kulipa kidogo kidogo, mara hiki mara kile, mpaka akajikuta amenunua mpya mara mbili.

JIBU LETU KWA NDUGU WA TANGA

Ndugu yetu, ada ya mtoto itangulie. Kwanza, leo hii na si kesho, toa nakala ya hesabu za mayatima na uiweke katika diski ya nje, kisha ifungie kabatini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lisilo na nakala liko katika hatari hiyo hiyo. Pili, nunua SSD ya gigabaiti 240 au karibu na hapo. Hiyo yaweza kuhamia katika kompyuta nyingi za mezani utakazonunua baadaye, kwa hivyo fedha yake haipotei. Ama kumbukumbu, ya mashine yako ni ya aina ya DDR3, ambayo haiingii katika mashine mpya zenye DDR4 au DDR5. Basi itafute iliyotumika kwa bei nafuu, wala usiitumilie fedha nyingi. Tatu, weka Linux katika diski hiyo mpya, na umpe mwanao kazi ya kumfundisha mama yake. Kijana aliyedai mashine mpya akipewa jukumu la kuifufua ya zamani atajifunza mengi kuliko ambayo angejifunza kwa kufunguliwa sanduku jipya. Nne, kila mwezi weka akiba kidogo, maana siku ya kuagana nayo itakuja, na afadhali ikukute umejiandaa kuliko ikukute unakopa.

UNAPONUNUA NA UNAPOTOA

Siku hiyo ikifika, mtumba wa kizazi cha nane au baada yake watosha nyumba nyingi. Iwashe mbele ya muuzaji, iache ifanye kazi kwa nusu saa, isikilize feni yake, na uone namba ya chipu kwa macho yako. Muuzaji Mwislamu naye akumbuke habari ya yule mfanyabiashara aliyefunika nafaka mbichi kwa nafaka kavu, na Bwana Mtume (S.A.W.) alipotia mkono wake ndani ya chungu ile akaukuta unyevunyevu, akamkemea. Kuficha kasoro ya diski ni kuficha unyevu wa nafaka.

Ukinunua kwa malipo ya polepole, fahamu mpaka wake. Baraza hilo hilo la Fiqhi, katika kikao chake cha sita huko Jeddah, Machi 1990, limejuzisha bei ya awamu kuzidi bei ya taslimu, madhali bei imekubaliwa wakati wa kuuziana. Lakini kuongeza deni kwa sababu ya kuchelewa kulipa ni riba. Soma mkataba wako mpaka mwisho kabla ya kutia sahihi.

Na ile ya zamani? Kabla ya kuiuza au kuitoa, usidhani kuwa kufuta faili kwatosha. Faili iliyofutwa kwa njia ya kawaida yaweza kurudishwa na mwenye ujuzi. Safisha diski nzima kwa programu ya kazi hiyo, au itoe diski ubaki nayo.

Wengi wetu husema: tuipeleke madrasa. Ni nia njema, ila na tuiangalie Sura Al-Baqara, aya ya 267, ambamo tumekatazwa kukusudia kutoa kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea isipokuwa kwa kufumba macho. Madrasa si jaa. Ukitaka thawabu, itengeneze kwanza: diski nzuri, mfumo unaotunzwa, kibodi yenye herufi zote. Ikiwa haitengenezeki, usiiache uwanjani ikachomwa na watoto wanaotafuta shaba, kwani ndani ya vyombo hivi mna risasi na sumu nyinginezo. Mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na zilizothibitishwa kukusanywa na kutengenezwa upya kwa utaratibu hazikufika robo yake. Mpe fundi anayetoa vipuri, au mahali panapopokea taka za namna hiyo.

Vijana wetu, mbacha wa nyumbani si aibu, na msala mpya si dhambi. Mwenye akili huuangalia mbacha wake kwanza: palipochanika hupashona, palipo safi hupasalia, na ukiwa hauwezi tena kumwepusha na najisi, huuacha bila ya majuto na kutandika mwingine. Hivyo ndivyo itupasavyo kwa kila chombo alichotupa Mwenyezi Mungu, kwani siku ya Kiyama kila mmoja ataulizwa juu ya mali yake, aliichuma wapi na aliitumia katika nini.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotumia kwa kiasi na kutunza amana. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.